Maji Tamu kwa Viumbe wa Chumvini

Kwako mama, Mama Akinyi wa maji,

Watu wa Kambi Muru, uliokuwa ukiwauzia maji, bado wanakuita hivyo, ingawa tangi lako sasa linasimamiwa na mtu mwingine. Nakuandikia kutoka Gatina, kwenye chumba kile kile cha ghorofani ulichokuwa ukikipandia ngazi huku ukinung'unika kwamba wenye nyumba wa huku Kawangware wanajenga kama watu wanaotaka kumgusa Mungu miguu. Nina habari yako. Imechelewa, na kuchelewa kwake kunaniuma sana.

Ni habari ya ile chupa ya dirishani.

Najua unaikumbuka. Ulikuja Jumapili baada ya kanisa, na kama kawaida yako hukuja mikono mitupu: ulibeba kidumu cha maji tamu kutoka kwenye tangi lako, kwa sababu kisima cha ploti yetu kina chumvi na ulisema mtoto wako hawezi kupikia maji ya namna hiyo wewe ukiwa hai. Nilishuka kununua sukuma wiki. Niliporudi, sakafu ilikuwa imepigwa deki, sufuria zimesuguliwa hadi zinang'aa, na chupa yangu imerudishwa mahali pake, maji yake meupe pe.

"Nimewabadilishia maji," uliniambia, ukijifuta mikono na leso. "Nyathina, mwanangu, mtu anafuga viumbe wa Mungu na chumvi hivyo? Nimeonja hiyo maji, karibu nitapike. Nimewawekea hii tamu nilikubebea."

Ndani ya chupa ile walikuwamo bakteria wa baharini, wadogo hata jicho haliwaoni mpaka wawe wengi na kuyageuza maji ya kijani. Mwalimu wangu wa chuo alinikabidhi niwachunguze, wametoka kwenye mikoko ya Pwani. Wanajipikia chakula kwa mwanga wa jua kama jani linavyofanya, ndiyo maana niliwaweka dirishani. Swali langu lote la masomo lilikuwa wanawezaje kuishi kwenye chumvi inayoua viumbe wengine.

Sikuwahi kukulaumu, mama. Katika kazi yako, chombo chenye ukijani ni aibu. Mteja akileta mtungi ulioota utelezi ulikuwa unatia kokoto na sabuni, unautikisa weee, ndipo unamjazia. Na chumvi mlikuwa mmekosana tangu zahanati ikwambie presha imepanda. Ulikula omena bila chumvi ukikunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Sasa ukiwaona viumbe wa mwanao wameachwa kwenye chumvi, ungefanya nini? Tena hukuwamwaga. Uliinamisha chupa taratibu, ukamwaga maji ya juu na kuwabakiza wao chini, vile mtu anavyoosha mchele.

Ugali ulipoiva, maji yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya samawati. Ulifurahi.

"Ona, imekuwa bluu. Wameshiba?"

"Hapana, mama. Hiyo ni rangi ya ndani yao. Wamepasuka."

"Wamekufa?"

"Naona wamekufa."

Ulikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na maji yangu? Maji ya kunywa? Sasa maji tamu itauaje mtu?" Nilipoanza kukueleza, ukainua mkono. "Wacha. Usinieleze. Nimekuharibia masomo." Ugali wako ulipoa kwenye sahani.

Leo sina mkono wako wa kuninyamazisha, basi nisikilize. Kiumbe huyo akikutana na chumvi kali mara ya kwanza, maji yaliyo ndani yake hutoka, mwili unanywea, na chumvi inaingia. Anaacha hata kupika. Hapo ndipo vita vinaanza. Kwenye ngozi yake ana pampu ndogo ndogo, naye huzitumia kuitoa ile chumvi bila kupumzika. Wakati huohuo anajitengenezea sukari yake mwenyewe na kuijaza ndani, sukari isiyomdhuru, inayoyashika maji yasimtoroke. Akishatulia hivyo, anarudi kwenye jua lake na kuendelea na maisha.

Lakini mtoe chumvini ghafla, umtie kwenye maji tamu. Bado amejaa ile sukari, nayo inaendelea kuyavuta maji, na maji yanaingia kwa fujo. Anavimba. Asipowahi kufungua milango yake na kuitema sukari upesi, anapasuka. Kilichomwokoa kwenye shida ndicho kinachomuua kwenye raha. Ungekubali kunisikiliza, nadhani hapo ungecheka kidogo.

Jumapili iliyofuata ulikuja na pakiti ya chumvi. Wewe, ambaye hata muuza duka alikutania kwamba umemwasi daktari. Uliiweka mezani na kusema, "Warudishie chakula yao." Mama, mimi sikuamini kitu. Nilitia kidogo kidogo, pamoja na mbolea ya kuwalisha niliyopewa chuoni, ili tu uone zawadi yako haikutupwa. Kila ulipokuja ulienda moja kwa moja dirishani.

"Bado?"

"Bado."

Baadaye ukaacha kuuliza. Ulikuwa unaingia na kukaa ukiipa chupa mgongo, na mimi nilikuona ukifanya hivyo.

Kisha presha ikakuangusha pale pale kwenye tangi, asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Tukakupeleka nyumbani ziwani, tukakuzika, na niliporudi Gatina sikuwa na nguvu hata ya kufungua pazia. Nilipolifungua hatimaye, nilikuta chini ya chupa kuna ukijani. Mwembamba, kama doa la jani lililosuguliwa. Nikadhani ni uchafu mwingine tu ulioingia. Nikachukua tone, nikalipeleka chuoni, nikachungulia kwenye darubini. Walikuwa wao, mama, wa mviringo, wakigawanyika wawili wawili kana kwamba hakuna lililotokea. Kumbe walikuwako waliofungua milango mapema. Walikuwa wachache mno tusiwaone, siku zote zile ulizokuwa unauliza.

Mwalimu wangu alifurahi sana, akasema hawa ni wagumu kuliko wale wa kwanza na kazi yangu sasa ndiyo imepata nyama. Mimi nilimlilia pale pale, mtu mzima, hadi akaenda kunitafutia chai. Nilikuwa naionea wivu chupa. Ilikuwa na muda ambao wewe hukupewa.

Ilibidi nimwambie mtu, na mtu mwenyewe hayupo, basi nikaenda Kambi Muru. Nilimkuta jirani yako Mama Mutua kwenye tangi lake, akijazia watu. Nilipomweleza, alifunga bomba, wateja wakiwa wamesimama.

"Wale wadudu? Si alituambia aliwamaliza?"

"Wako hai."

"Akinyi, mamako alikuwa anatuambia hapa kila siku, ati nimemrudisha mtoto wangu nyuma na mkono yangu mwenyewe. Tukimwambia awache, hasikii." Aliangalia chini, kwenye tope. "Sasa si ungekuja mapema."

Ningekuja vipi mapema, na viumbe wenyewe walikuwa hawajaonekana? Lakini tangu siku hiyo neno lake halinitoki. Najuta kwamba nilisema "wamekufa" wakati nilichojua ni kwamba siwaoni tu. Najuta zile Jumapili ulizoipa chupa mgongo. Ungengoja kidogo, mama. Ungengoja kidogo tu.

Lala salama huko ziwani. Hukunirudisha nyuma, na hukuua mtu.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza.