Safari Uliyopangiwa na Baba

Mjini Paola, Septemba

Mdogo wangu Saverio,

Pokea salamu zangu, wewe na Heike na watoto, na Mungu ajalie ziwakute wazima huko Stuttgart. Sisi huku hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana nyumba hii sasa ina mtu mmoja, naye ni mimi. Bi Titina wa nyumba ya pili anakusalimu sana, na anauliza kama mwanao Emil bado anawakimbia samaki mezani.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Yaani unaniandikia mimi, Rosaria, kwamba nilikuficha ugonjwa wa baba ili nibaki naye peke yangu? Kwamba daktari alijua, jirani walijua, hata padri alijua, ila wewe nikakupigia simu kashakufa, uko Pompei na watoto unawaonyesha magofu? Una uso mkavu, Saverio. Haki ya Mungu, una uso mkavu.

Haya, tuanzie kwenye hiyo safari yako. Tangu mliposhuka Bologna hukuacha kunitumia picha. Emil kajaza mashavu tambi za tortellini za supu. Firenze, Heike kafumba macho mbele ya mkate wa utumbo wa ng'ombe. Roma, binti yako Lena kakaa kwenye ngazi za kanisa, donge la wali wa kukaanga mkononi, jibini inamvutika kidevuni. Kila simu ilipolia kwa picha, mimi nilikuwa na beseni mkono huu na taulo mkono ule. Nilikuwa naifuta simu kwa aproni, namwonyesha baba, naye anadai nimsogezee karibu aone vizuri wamewekewa nini kwenye sahani.

Na kila siku uliongea naye. Hilo huwezi kulikana. Ulimsikia sauti imekuwa nyembamba, ulimsikia akikatika katikati ya neno, na hukuniuliza hata siku moja, "Dada, baba ana nini?" Ulichouliza ni kahawa nzuri inapatikana wapi karibu na kituo. Naye akakuonya kwamba ukimwacha mkeo anywe kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana, yeye baba atakufa kwa aibu siku hiyo hiyo. Ukacheka weee! Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia simu, mkono wake ulikuwa umeshakataa. Niligeuka nikatazama ukutani.

Halafu mkafika. Jirani walikuwa wametuletea chakula cha matanga, maana jiko la nyumba yenye msiba haliwashwi. Heike akadhani ni karamu ya kuwapokea! Akapiga picha pasta ya tanuri ya Bi Titina, akamwambia kwa Kiitaliano chake cha kuokoteza kwamba hiyo imezishinda zote za safarini. Simlaumu yeye, kwao hawana jambo hilo. Nakulaumu wewe, mzaliwa wa hapa, uliyepakua sahani ya pili bila kumnong'oneza mkeo hata neno. Bi Titina wa watu akanibonyeza mkono, akasema, "Waache mwanangu, wana njaa ya njiani." Njaa! Watu wametoka kuila nchi nzima!

Sasa nikwambie nililolinyamazia, maana umenichokoza mwenyewe. Aliyekuficha ni baba. Daktari alipomweleza, wakati wa Pasaka, alinisimamisha mbele ya picha ya mama, akaniapisha kwamba wewe husikii neno. Nilimlilia, nilimgombeza, nilimwita mzee jeuri. Wapi! Alisema maisha yake yote amepikia abiria kwenye behewa la chakula, na Firenze kwake ni kituo, Roma ni kituo, hajawahi kushuka akapiga hata hatua mbili mjini. Wajukuu zake watashuka, watatembea, watakula. Wakija kwanza huku, alisema, watamwona hivi alivyo, na safari itakuwa imekwisha. Kwa hiyo kila ulipotaka kuja huku, alikutafutia mji mwingine na chakula kingine. Ile Pompei uliyonitajia mimi kwa uchungu, nani alikwambia uende? Mlishamaliza Napoli, tiketi za kuja huku umeshakata. Ni yeye aliyekwambia haraka ya nini.

Asubuhi ile ya mwisho nilitaka kuvunja kiapo. Nilinyanyua simu nikupigie. Akanikamata kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mbovu, sijui nguvu alizitoa wapi, akaniambia, "Waache wale kwanza." Sikumsikia akisema neno jingine tena.

Basi nimekasirika, Saverio, na si kwako peke yako. Wewe umepata sehemu yako kwa sababu uko hai na una sanduku la barua. Nimemkasirikia yeye. Mtu aliyekumbuka mpaka duka la kumnunulia Lena aiskrimu kule Roma, hakuniuliza hata mara moja, "Rosaria, na wewe je, umewahi kuiona?" Nimeishi kwenye njia ya reli hiyo hiyo tangu nizaliwe. Nilimlea mama, nikamlea yeye, na Roma naijua kwa picha za simu yenye alama za sabuni.

Msalimie Heike, mwambie sina kinyongo naye. Wabusu watoto mashavuni. Ukitaka kujibu, jibu, lakini barua itangoja mlangoni, wala usipige simu ya nyumbani, hakuna wa kuipokea. Alhamisi napanda treni ya asubuhi kwenda Roma, na sijakata tiketi ya kurudi.

Ni mimi dada yako,
Rosaria