Sura Aliyoitaka Mwalimu

Jumatano, baada ya isha.

Yule mwalimu simpendi, na leo sikumficha.

Tunasoma Kiingereza ili tupate kazi ya kufua nguo kwenye kambi ya wafanyakazi wa kigeni hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Somo la leo lilikuwa maneno ya sura ya mtu. Kununa ni "frown", kutabasamu ni "smile". Tukafika kwenye "grief", huzuni ya kufiwa, naye akanigeukia mimi.

"Dona Zainabu," akasema, yaani Bi Zainabu kwa Kireno, "wewe ulikimbia vita Mucojo. Njoo uwaonyeshe wenzako sura hiyo."

Wawili watatu wakacheka. Nikaenda mbele, nikamkazia macho.

"Hiyo si huzuni," akasema. "Hiyo ni hasira."

"Ndiyo, mwalimu. Mume wangu amebaki kule, hana hata kaburi. Huzuni ya kufiwa naye si ya kufundishia. Hasira ndiyo niliyokuletea wewe."

Akafuta ubao kabla hatujamaliza kunakili.

Sasa naogopa atalitoa jina langu kwenye orodha ya watakaopewa kazi, maana yeye ndiye anayeiandika, na kazi yenyewe naitaka sana. Hata hivyo sitamwomba radhi. Kesho nakwenda darasani, na nitakaa kwenye benchi la mbele.