Msumari Kwa Injini ya Kapteni Odhis

Jumanne, 10 Juni

Boti nne kabla ya chai. Kazi ni ile ile. Natoa kifuniko ya injini, nanusa kwanza. Pua kabla ya mkono. Ikinuka petroli siguzi kitu, nangoja upepo wa ziwa upite ndani. Halafu vichwa vya betri: maji moto, mswaki mzee, girisi. Halafu natingisha waya moja moja. Yenye inacheza inapata joto. Yenye inapata joto, siku moja itawaka. Hii yote nilijifunza kwa simu, na kwa injini zilizotupwa, na kwa kuchomeka vidole. Hakuna mtu alinifunza.

Boti ya Jose ilikuwa na spika mpya ya wageni, kubwa kama stuli, waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa na karatasi ya mkate. Tangi ya petroli iko hapo hapo chini. Nimekata zote. Jose amewika: "Spaki! Sasa wageni wataimbiwa na nani? Na wewe?" Makapteni wote wamecheka. Mimi pia nimecheka, lakini nilichelewa. Walikuwa wameshaingia story ingine.

Mchana Kapteni Odhis ameniwachia mkia wa samaki juu ya toolbox, ndani ya gazeti, kama kila siku. Mkia ni wangu. Kichwa ni yake, na hakuna mtu hapa Naivasha anaweza gusa kichwa ya samaki ya Kapteni Odhis. "Nyambura, kula, nyathina." Nyathina, kwao, ni mtoto wangu. Ni yeye tu huniita jina. Wengine wote ni Spaki.

Jioni nyumbani. Jirani yangu anafanya shift kwa mitambo ya stima Olkaria. Tangu nihamie hapa sijaona uso yake. Namjua kwa padlock. Padlock ikiwa nje, hayuko. Isipokuwa nje, amelala.

Jumatano, 11 Juni

Sijaamini macho. Kwa injini ya Kapteni Odhis, pale fyuzi inafaa kukaa, kuna msumari. Msumari! Umekatwa vizuri, size ya fyuzi kabisa.

Fyuzi kazi yake ni moja tu, kufa. Waya ikigusa chuma, fyuzi inakufa haraka na moto unaishia hapo. Msumari haukufi. Betri yote inamwagika kwa hiyo waya mpaka plastiki inayeyuka, na hapo ndani ya kifuniko kuna mvuke wa petroli.

Nimeutoa. Nimeweka fyuzi mpya. Kapteni alikuwa anaongea na wageni, sikutaka kumwaibisha. Nitamwambia kesho na chai.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya kuliko zote tangu nikuje hapa.

Kabla ya chai, kabla nimwambie, Kapteni amepeleka familia moja kuona viboko. Kama kawaida yake, akafika karibu, akazima injini ili wapige picha. Akawasha. Kimya. Ufunguo unageuka, hakuna kitu. Fyuzi ilikuwa imekufa njiani na hakuna mtu angejua, juu injini ikishatembea inajitengenezea umeme wake. Betri inahitajika tu wakati wa kuwasha. Boti ikaanza kusukumwa na upepo, polepole, kuelekea pale viboko wako. Watoto wanalia. Jose ndiye alienda kuwavuta.

Amenijia mbele ya watu wote. Sijawahi sikia akipaza sauti.

"Ule msumari nilikata mimi! Nikaweka mimi! Nani alikutuma?"

Nikasema Kapteni, ungechomeka. Msumari utaleta moto.

"Moto sijawahi ona. Kiboko nimeona. Kiboko ilipasua boti ya ndugu yangu akiwa ndani, injini imekataa kuwaka. Wewe uko hapa nchi kavu na mswaki yako. Usiguse injini yangu tena."

Nilikuwa najua waya zake zote, na sikujua ndugu yake.

Hakuna samaki.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna boti hata moja imeletwa kwangu. Maneno yote nimesema leo: "Chumvi, tafadhali." Kibanda ya chakula.

Mathe, mama yangu, amepiga simu kutoka Bondeni, Nakuru. Anataka nirudi nimsaidie na mitumba, huko Nakuru kuna watu, huku nimekaa na vyuma. Nikamwambia network ni mbaya. Network ilikuwa poa.

Jumamosi, 14 Juni

Msumari umerudi. Nimeuona kwa mbali Kapteni akifungua kifuniko. Hata hajaficha. Alifungua akiniangalia.

Na nimesikia kitu ingine. Jumamosi ijayo anabeba watoto wa shule. Boti imejaa.

Siwezi enda kuripoti. Watamnyang'anya boti, na hiyo boti ndio yeye. Siwezi toa msumari tena, wakibaki kwa viboko na watoto itakuwa mimi nimewaua. Siwezi uacha. Nimezunguka hii nyumba kama kuku.

Injini kama hiyo huwa na kamba. Unafungua kifuniko, unaingiza fundo kwa gurudumu ya juu, unazungusha, unavuta. Inawaka bila betri. Nikamuuliza Jose kamba ya Kapteni iko wapi.

"Kamba? Iko kwake, shingoni kwa mbuzi. Mbuzi inawaka vizuri sana."

Makapteni wote, kumbe. Hakuna mmoja ako na kamba kwa boti. Ni kamba nzuri, imara, haiwezi kaa bure chini ya kiti na nyumbani kuna mbuzi.

Jumapili, 15 Juni

Kanisa hapo nyuma wameimba tangu asubuhi. Sijaenda. Nimechora waya za injini kwa sakafu na chaki, nikakaa katikati.

Fyuzi haikufi bure. Kuna mahali waya inagusa chuma. Lakini wapi? Hiyo injini nimepima na mita mwezi huu, zaidi ya mara moja. Safi. Waya nyekundu inatoka kwa fyuzi, inapita mbele ya injini, inaenda kwa switch ya ufunguo. Safi mwanzo mpaka mwisho.

Nimekasirikia chaki. Nimefuta yote na mguu.

Jumanne, 17 Juni

NIMEJUA. Ama karibu nijue.

Upepo umeleta magugu, lile zulia la hyacinth, limejaa mpaka kwa ngazi ya kupandia boti. Sina kazi, so nimekaa kwa mawe naangalia boti zikipita ndani yake. Kila kapteni anafanya kitu moja. Anasimama, anazima, anainua injini juu, anang'oa magugu kwa propela, anashusha. Mita chache, tena. Juu, chini, juu, chini. Siku nzima!

Na mimi? Injini zote napima zikiwa chini. Zimelala, zimefungwa, nchi kavu, kama alivyosema. Na ile waya inapita pale pale injini inakunjika! Na kwa maji mafupi huinua kidogo hata injini ikitembea.

Nimekimbia mpaka kwake, kiatu moja imebaki kwa matope. "Kapteni, ni ukiinua! Waya inabanwa ukiinua!" Amenipa mgongo. "Mimi nimemaliza na wewe."

Jose akasema Spaki ameshikwa na umeme kichwani. Wakacheka. Nimerudi kutafuta kiatu.

Jumatano, 18 Juni

Nimetengeneza kamba. Nailoni nene, fundo upande moja, upande ule mwingine kipande ya mpini wa jembe. Nimejaribu kwa injini moja mbovu huku nyuma. Gurudumu imezunguka vizuri.

Kuna kitu sijawahi kuandika hapa. Tangu nikuje sijapanda boti ikitoka kwa ngazi. Hata siku moja. Sijui kuogelea. Natengeneza zikiwa zimefungwa, mguu moja kwa ngazi. Wao hawajui. Ama wanajua na ndio wanacheka.

Alhamisi, 19 Juni

Vidole vimechomeka, ndio maana mwandiko ni hivi.

Kapteni alikuwa anatoka peke yake, anaenda kutafuta njia kwa magugu ya kupitisha watoto Jumamosi. Nimesimama kwa ngazi na kamba ndani ya begi. Nimesema, "Kapteni, nibebe kama mgeni. Sitagusa kitu." Ameniangalia sana. Ameokota life jacket, akanirushia. Nilikosea kuivaa. Akanifungia mwenyewe, kama mtu anamfungia mtoto sweta.

Nimekaa nyuma kabisa, uso karibu na injini, nimeshika kiti na mikono mbili. Maji ni mengi. Ukiwa nchi kavu huoni vile ni mengi. Ng'ambo mvuke wa Olkaria unapanda tu, kama hakuna kitu inafanyika duniani.

Tumeingia kwa magugu. Akazima. Akainua. Nikaona waya nyekundu ikivutika, ikaingia chini ya chuma ya kukunjia. Hakuna kitu. Akashusha. Tukaenda. Akazima tena, akainua, akang'oa magugu kwa nguvu, injini ikatingika.

Moshi. Mdogo, kama wa sigara. Halafu harufu ya plastiki.

Kapteni amegeuka. "Hiyo ni nini?"

Nimeruka kwa betri, nimefungua nati ya upande wa negative na vidole, nimeng'oa. Imenichoma. Moshi umekaa, ukazunguka, ukaisha. Hakuna moto. Ilibaki muda wa nusu ya kukohoa tu, na hapo kando tangi ya petroli.

Halafu tukasikia pumzi. Ile pumzi nzito, puuu, mbele ya magugu. Masikio mawili. Halafu mengine.

Kapteni hakupaza sauti. Amesema polepole, "Nyathina. Sasa tutawasha na nini?"

Nimefungua begi. Nimempa kamba. Ameiangalia kama ameona mtu alikuwa amezikwa. Akashusha injini. Kifuniko chini, fundo kwa gurudumu, akazungusha, akavuta. Hakuna. Masikio yamezama. Kiboko ikizama ndio mbaya, hata mimi najua hiyo. Akavuta tena. Hakuna. Nilikuwa nimefunga macho. Akavuta na akaguna, na injini ikapiga kelele, sijawahi sikia kelele tamu hivyo.

Ameendesha moja kwa moja mpaka kwa ngazi. Akafunga boti, akakaa kwa jiwe, akavua kofia.

"Kumbe ziko zote mbili," amesema.

Kiboko na moto. Nimesema ndio, Kapteni. Ziko zote mbili.

Ijumaa, 20 Juni

Kutwa kwa injini yake. Ameniita mwenyewe, mbele ya Jose.

Waya ya zamani ilikuwa imeliwa upande moja, shaba inang'aa, na unaiona tu injini ikiwa juu. Nimeitoa yote. Mpya nimeipatia urefu wa kutosha ili injini ikiinuka isivutike, nimeivalisha kipande ya paipu ya maji, nimeifunga mbali na ile chuma. Fyuzi mpya. Fyuzi ya akiba nimeibandika ndani ya kifuniko. Betri nimeifunga na blada, ule mpira wa ndani wa baiskeli, isicheze, na nimeihamisha mbele, mbali na tangi.

Kapteni ameinua na kushusha injini mpaka jasho. Mimi naangalia mita. Haikutingika.

Msumari nilikuwa nimeweka kwa kiganja, sikujua niupeleke wapi. Akauomba. Akatia mfukoni.

Jose amekuja akasimama hapo kando akiangalia vidole vyangu. Halafu: "Spaki, kamba ikirudi kwa boti, mbuzi atafungwa na nini sasa?" Kapteni akamwambia amfunge na waya za spika. Hiyo nilicheka kwa wakati.

Jumamosi, 21 Juni

Wameenda saa ya asubuhi na baridi. Watoto na sweta za shule, life jacket zinawafika magotini. Kamba iko chini ya kiti cha Kapteni, imekunjwa. Mwalimu aliuliza ni ya nini. Kapteni akasema ni ya kuwashia.

Nimebaki kwa mawe. Nilisikia injini ikienda, ikienda, halafu ikazimwa huko mbali. Nikasimama. Hiyo kimya ilikuwa refu. Ndege tu. Halafu ikawaka. Na ufunguo, nilisikia, si kamba.

Wamerudi. Mmoja alikuwa ametapika, wengine wanabishana nani aliona kiboko kwanza. Wamepanda basi. Hakuna kitu imefanyika leo. Hakuna mtu amejua kuna kitu ingefanyika.

Kapteni alikuwa na wageni wengine wanangoja, hata hakushuka. Alinionyesha kidole gumba tu, akaenda.

Nilipofika kwa toolbox kulikuwa na gazeti. Bado ina joto. Nimefungua nikijua ni mkia.

Ni kichwa.

Sijawahi kula kichwa ya samaki. Sijui mtu huanzia wapi, na hapakuwa na mtu wa kuuliza. Nimenawa mikono, nikakaa nikiangalia maji. Nimeanzia kwa shavu. Mifupa mingi. Nimekula polepole mpaka nikasikia injini ikirudi.