Dawa Uliyoambiwa ni Mpya

Kaka Haji,

Mola akupe raha huko uliko. Mimi Mize, mdogo wako, nnakuandikia chumbani mwako. Kitanda tumeshakitoa, Mama hakuweza kukitazama.

Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike, na kuna jambo halinitoki rohoni. Si kifo, kifo ni haki. Ni zile sindano.

Ulipoanza kuchechemea, sote tulisema ni lile teke ulilopigwa mpirani Mnazi Mmoja. Mama akakukanda wiki nzima. Kumbe saratani imo ndani ya mfupa, tena ya namna ambayo daktari Mzungu alisema hajapata kuiona hapa Unguja. Akaagizia dawa ya sindano kwa meli: vichupa visivyo na jina, vina nambari tu. Kila Jumatatu akilipima goti lako kwa utepe, akaandika. Goti likazidi kuvimba, nywele zikapukutika, ukawa unatapika hata maji, naye anaandika tu. Nikakwambia, "Kaka, huyu anakutibu au anakutazama?" Ukacheka. "Mize, una dhana mbaya we! Dawa mpya hii."

Siku uliyofariki, hatujakukosha wala kukuvisha sanda bado, alikuja nyumbani kumwomba Baba mguu wako akauchunguze. Mguu, Kaka! Baba akamwambia, "Mwanangu ntamzika mzima," akafunga mlango.

Basi nikamwendea Bwana Khatibu, mkalimani wake, nikamuuliza daktari alisema nini hasa siku ulipotia saini karatasi ya kuikubali dawa. Akababaika. Nikamkazia macho mpaka akasema, "Alisema haijulikani kama itafaa. Mimi nikasema ni dawa mpya. Sikutaka kumvunja moyo kijana."

Ukasikia mpya, ukadhani bora. Hata hayo ya Khatibu sijui kama ni kweli, au anambeba bwana wake. Na ungeliambiwa, pengine ungelikubali vile vile. Lakini ungelichagua wewe.

Jumatatu iliyopita Bi Riziki, jirani yetu, aliitwa na daktari yule yule. Binti yake Asha ana uvimbe shingoni, na dawa anayotakiwa kutiwa ni ile ile. Nikaingia nao. Khatibu hajafungua mdomo, nikauliza kwa Kiingereza changu cha skuli, "Dawa hii imeshamponya nani?"

Daktari akaweka kalamu chini, akanitazama.

"Bado hakuna."

Nikamtafsiria Bi Riziki neno kwa neno. Akalia, akajifuta kwa kanga, akasema, "Basi aulizwe mwenyewe mgonjwa." Asha akaomba siku mbili za kufikiri.

Yule daktari simwamini bado, Kaka. Lakini nakuahidi, mtu wetu yeyote akiitwa kule, ntaingia naye.

Kwaheri, kaka yangu. Na unisamehe. Siku ile ulipotia saini, Kiingereza nilikuwa nakijua. Nilikaa nje barazani, nikakungoja.

Mdogo wako,
Mize