Achol, Uliyenipeleka Kakuma

Mpendwa dada yangu Achol,

Sijui barua hii itakufikia vipi. Nimeamua kuiandika wazi, kila mtu aione, kwa sababu huko ng'ambo ya mpaka mlikokwenda kuna watu wengi waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kama wewe na wanaosoma Kiswahili. Labda mmoja wao atakutambua, akwambie kuna msichana wa Lodwar anakutafuta. Ni mimi Nekesa, uliyelala naye bweni moja tangu kidato cha kwanza. Kama kuna mtu anaisoma kabla yako, ajue sina ugomvi na wewe wala sidai kitu. Nimeogopa tu.

Unakumbuka siku ile klabu ya mazingira ilipotupeleka Eliye Springs? Tulikuwa kidato cha tatu. Wasichana wote waliingia kwenye maji ya chemchemi na nguo zao, wakipiga kelele hadi wageni wa ile loji wakatoka kutuangalia. Mimi nilikaa chini ya kivuli cha mikoma na viatu miguuni. Nilikuwa nawaona nyote, nasikia kila kitu, lakini ilikuwa kama mko nyuma ya kioo. Ukatoka majini ukichuruzika, ukaketi mchangani karibu nami.

"Nekesa, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Basi mbona umekuwa kama mtu ambaye hayuko?"

Muhula wote ule ulikuwa umenibeba bila kusema neno. Ulinifulia sare nilipoacha kufua. Ulinichotea maji ya kuoga, ukasimama mlangoni mpaka nioge. Ulinipangia foleni ya githeri, kisha ukakaa mbele yangu kama askari mpaka nimeze vijiko viwili vitatu. Sasa pale mchangani ukaniuliza wazi, mchana, jua likituchoma: "Unataka kufa?"

Nikasema sijui. Nikasema nataka tu kulala na mtu asiniamshe.

Hukupiga kelele. Hukusema nimemkosea Mungu. Ulinishika mkono ukaushikilia mpaka mwalimu alipopiga filimbi ya kuondoka, na kwenye basi ukaketi nami, nguo zako zikinilowesha ubavu mzima.

Kitu kilichonitesa zaidi ni kwamba sikuwa na sababu. Hakuna aliyekufa kwetu. Baba ana kazi serikalini, mama ana duka lake la sare za shule, nyumba yetu ya Nawoitorong ina tangi la maji. Wewe baba yako aliuawa ukiwa mdogo, ukavuka mpaka mgongoni mwa mama yako. Nilikuambia, "Achol, mimi nina haki gani ya kulia mbele yako?" Ukanikasirikia kabisa. Ukasema, "Kwani malaria huwa inauliza kama baba yako yuko?"

Wewe unajua nilikopita kabla ya hapo, lakini nataka wengine nao wajue. Mwalimu wa ushauri nasaha aliniuliza kama nina mvulana. Niliposema sina, akasema basi nisome kwa bidii, mawazo yataisha. Likizo, mama akanipeleka kwa mchungaji. Waliniombea hadi nikaanguka kwa uchovu, na watu wakashangilia wakidhani kitu kimetoka. Duka la dawa waliniuzia vidonge vya kuongeza damu. Mtu mmoja alitwambia kuna daktari mzuri wa mambo haya Eldoret, mwenye kliniki yake. Baba aliposikia gharama ya kumwona mara moja tu, akacheka, akadhani ni utani. Nikaenda mwenyewe hospitali kubwa hapa Lodwar, na sare yangu ya shule, nikauliza dirishani kwa sauti ya chini. Dada aliyekuwa pale akauliza kwa sauti ya juu, "Ni wewe ndio mgonjwa wa akili? Mzazi wako ako wapi?" Watu kwenye benchi wakageuka. Nilitoka pale nikikimbia.

Ndipo ukasema, "Kwetu kambini kuna mtu wa kazi hii. Halipwi na mgonjwa. Na wenyeji pia wanaingia."

Baba alikataa kwanza. "Unaenda kufanya nini kambini? Watu wanatoka huko, hawaendi huko." Mama ndiye aliyemlegeza, akidhani nakwenda kupumzika kwa rafiki. Mama yako alinipokea kama mtoto aliyekuwa amepotea. "Salam taki, salam taki," akanisalimu kwa Kiarabu chenu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanipa asida, ule ugali wenu laini, na mboga ya bamia, nikala. Unakumbuka ulivyonitazama? Nilikula sahani nzima.

Mama Viviane, yule mtu wa kazi uliyenitajia, alikuwa na chumba kidogo cha mabati na feni isiyofanya kazi. Alikuwa mkimbizi mwenyewe, kutoka Kongo, na Kiswahili chake kilinifanya nitabasamu kabla sijaketi. "Karibu, mtoto yangu. Ikala hapa. Unasikia namna gani mu roho?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nililia hadi nikaona haya. Alingoja. Hakunihimiza ninyamaze, hakunitajia Biblia ingawa ilikuwa pale mezani pake. Nilipotulia akasema, "Hii iko ugonjwa. Haiko zambi. Na haiko kosa yako." Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole.

Likizo ile yote nilikaa kwenu nikienda kwa Mama Viviane, na wewe ulikuwa unaningoja nje kwenye kivuli chembamba cha ukuta wake, ukifukuza mbuzi waliotaka kula viatu vyangu vya mlangoni. Hukuniuliza hata mara moja nilichosema ndani. Tulirudi kwenu tukipiga hadithi za wavulana wa mpira. Nilianza kulala. Nilianza kusikia njaa. Siku moja nilicheka kitu fulani cha kipuuzi ulichosema kuhusu mwalimu wa hesabu, na ukasimama katikati ya njia, ukapiga makofi.

Halafu tukaenda siku moja tukakuta mlango una kufuli. Mama Viviane alikuwa nje na mkoba wake, na wanawake wengine wamekaa chini, mmoja ana mtoto mgongoni. Alisema pesa za msaada kutoka nje zimekatwa na wameambiwa waache kazi. Alituambia kama anayeomba msamaha, na yeye ndiye aliyepoteza kazi. Yule mama mwenye mtoto akamuuliza, "Sasa sisi twende wapi?" Mama Viviane akatoa kalamu, akatuandikia namba ya simu ya bure ya kuomba msaada.

Chakula cha mgao nacho kilikuwa kimepunguzwa. Nilikuona unakonda. Mama yako alianza kusema ameshashiba kabla hajala. Baba yako mdogo akaja akasema heri mrudi nyumbani, vita au hakuna vita, kuliko kukaa mkisubiri. Nilikuja kukuaga pale yanapopakiwa magari ya kwenda mpakani. Ulinipa sweta yako na vitabu vyako vyote. Nikasema, "Vitabu si utavihitaji?" Ukasema, "Nimechoka, Nekesa." Sikuwahi kukusikia ukisema hivyo. Kisha ukanishika shingo ukaninong'oneza, "Mwambie mama yako yote. Ukinyamaza itakumaliza." Nikakuuliza wewe utamwambia nani. Ukaangalia upande ambao mama yako alikuwa anafunga magodoro, ukasema, "Huko hakuna mtu wa kuniuliza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Ulipoondoka, ugonjwa ulirudi, na safari hii ulirudi na nguvu. Nililala mchana na sweta yako usoni. Nilipiga ile namba ya bure ya simu ambayo Mama Viviane alituachia. Mtu akapokea, sauti nzuri, akaniuliza niko wapi, nani yuko nami nyumbani. Alikaa nami kwenye simu hadi nikaweza kupumua. Lakini naye aliishia palepale ulipoishia wewe: tafuta mtu mzima mmoja wa karibu, usikae na hili peke yako.

Basi nikamwambia mama. Ilikuwa dukani, anashona kola kwenye cherehani. Nilisema yote, hata lile la kutotaka kuamka. Mguu wake ukasimama.

"Nani amekufundisha maneno haya? Ni wale wa kambini?"

"Mama, ni wa kambini ndio waliniweka hai."

Alinifokea. Alisema tumeombewa, alisema baba asisikie, alisema watu wa kanisani watatuangaliaje. Kisha akaanza kupanga upya sare ambazo zilikuwa zimeshapangwa, akizikunja na kuzikunjua. Siku mbili hatukuongea. Siku ya tatu alifunga duka asubuhi, na wateja wamesimama, akasema, "Vaa viatu."

Tulienda hospitali ile ile. Alikuwa amejifunika leso hadi usoni kwa kuogopa kuonwa na mtu wa kanisa. Dirishani tukaambiwa mhusika hayuko, turudi wiki ijayo. Nilijua tukitoka pale hatutarudi. Nilikuwa nimeshageuka, Achol, nimeshaanza kwenda. Nikasikia sauti ya mama nyuma yangu, ile anayotumia kugombana na wauza vitambaa.

"Mtoto wangu ni mgonjwa. Amesema mwenyewe anataka kufa. Mimi sitoki hapa."

Leso ilikuwa imeanguka mabegani. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa kwaya yetu, na mama alimwona, na hakuiokota.

Muuguzi mmoja Mturkana, mzee kidogo, akatoka kwenye mlango wa pembeni. "Ejok, mama, ni sawa. Keti. Mtoto akae hapa na mimi. Tutatafuta mtu leo." Wakatafuta. Jioni jua likienda, akaja kijana wa kliniki ya akili, amechoka, hajala, akanisikiliza, mama akiwa amenishika goti. Alinipa dawa na siku ya kurudi, na tulicholipa hakikutuumiza.

Sijapona. Sitaki kukudanganya. Kuna asubuhi mama ananiketisha kitandani kama mtoto mdogo. Dawa wakati mwingine hazipo, tunaambiwa tungoje. Yule kijana wa kliniki ni mmoja na foleni yake inafika hadi kwenye geti. Nikiwaona wasichana wa umri wangu wanachungulia pale dirishani kisha wanarudi barabarani, natamani kuwaita, lakini siku nyingine sina nguvu ya kuinua sauti. Baba sasa anajua yote. Siku za kliniki ananitolea viatu nje.

Lakini mimi nina mama wa kusimama dirishani. Wewe nani anasimama nawe? Nikila nakufikiria umekula nini. Ulikuwa unanibeba mimi na unabeba nyumba yenu, na wote tulizoea kwamba Achol ana nguvu. Kama hakuna mtu wa kazi hiyo huko, mwambie muuguzi yeyote wa zahanati. Mwambie mwalimu. Mwambie mama yako kwa lugha yenu, hata kama ana mzigo wake. Akikufokea, mwambie tena. Wa kwangu alinifokea, na siku ya tatu akafunga duka.

Na wewe msomaji uliye karibu naye, Achol ni mrefu, ana kovu dogo kwenye nyusi, anacheka kwa kuficha mdomo. Keti naye. Usimpe mawaidha.

Achol, sihitaji unijibu. Sihitaji hata unikumbuke. Uwe hai tu, dada yangu. Uwe hai, hata kama umenisahau.

Dada yako,
Nekesa
Lodwar