Betri Nne za Baba

Mwanza,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Kamwene baba. Kamwene na mama hapo alipo, maana najua barua hii anaisoma yeye kwa sauti, na wewe umefumba macho kama umelala, kumbe hakuna neno linalokupita. Goti linasemaje? Na kifua cha mama, kimepatana na baridi ya mwaka huu au bado wanagombana? Yohana aliniambia kuna asubuhi mlikuta maji ya kwenye ndoo yameganda juu. Niliwasimulia watu wa huku wakacheka, wakaona mdogo wangu anatia chumvi. Mimi huku natembea na kitambaa cha jasho shingoni tangu saa mbili asubuhi.

Sisi hatujambo. Mjukuu wako Neema yuko mwaka wa mwisho chuoni. Anasema akimaliza atakuja kukaa kwenu mwezi mzima, ale parachichi mpaka ashindwe kutembea. Biashara ya viazi inakwenda. Kuna wiki lori linakwama njiani na viazi vinafika vimeanza kuota, wateja wananifinyia pua, lakini wakisikia vimetoka Njombe wanarudi tu. Mwezi wa pili niliumwa malaria kwa siku tisa. Sikuwaambia kwa sababu mama angepanda basi. Nimepona kabisa, hivyo mama asianze kupanga nguo kwenye begi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Baba, wewe kwenye simu unaongea kama mtu anayefukuzwa: "Nimesikia, haya, Mungu akubariki," halafu kimya, umekata. Ukimpa Yohana naye anaweka spika, na mtaa mzima wa Ramadhani unajua nimekula nini. Hili ninalotaka kusema linataka karatasi, na linataka nikukumbushe mambo ya zamani kwanza. Tulia kwenye kiti.

Jirani na meza yangu sokoni kuna fundi redio mmoja, mtu mzima, mpole sana. Bado ana boksi zima la kaseti. Mkanda ukitoka anaurudisha kwa kuzungusha kalamu, kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Akiweka muziki wa dansi wa miaka ya tisini, sisi tuliovuka arobaini tunaacha kupima viazi. Juzi mama mmoja muuza vitunguu alicheza mpaka mizani ikaanguka. Na mimi kila nikisikia ile sauti ya mkanda uliochoka narudi sebuleni kwetu. Namuona mama ameifunika redio kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Naziona betri nne kubwa zimeanikwa kwenye bati la jiko ili zipate nguvu ya kufika Jumapili. Nakuona na wewe, mtu pekee aliyeruhusiwa kushika kile kitufe cha kutafuta stesheni. Mimi na nywele zangu za kalikiti zinazochuruzika mafuta nilikatazwa hata kuegemea kiti.

Unazikumbuka kadi za salamu za redioni? Jumamosi saa nane mchana hakuna aliyetoka nje. Nchi nzima ilikuwa inangoja kutajwa. Mtu akijaza kadi anajipa na jina la kujivunia, na mimi nilijiita Binti wa Baridi. Ulinisimamia nilipokuwa naandika. Ulitaka nianze na wazazi, halafu mchungaji, halafu mwalimu wa kwaya. Wiki sita tukangoja. Siku mtangazaji aliposoma, "Faraja, Binti wa Baridi, yuko Ramadhani, Njombe," mama alicheza na mwiko mkononi, unga ukaruka mpaka kwenye picha ya harusi yenu. Wewe ulijikaza, ukasema tu, "Kumbe kadi zinafika." Halafu ukavaa koti lako refu ukaenda sokoni, na hukuwa na kitu cha kununua. Ulizunguka mpaka jioni ili watu wakupongeze. Baba, nilijua! Nilifurahi kuliko hata kutajwa kwenyewe.

Na unaikumbuka ile Jumamosi nyingine. Tulikuwa tunakula. Mtangazaji akasema, "Fidelis, Mtoto wa Njia Panda, yuko Makambako. Anamsalimu Binti wa Baridi wa Ramadhani, Njombe, ambaye hamfahamu ila jina lake limempendeza. Ujumbe wake: baridi imezidi, avae sweta." Mama alicheka. Wewe ulinawa mikono taratibu, ukasimama, ukaigeuza redio, ukatoa betri moja, mbili, tatu, nne, ukazitia kwenye mfuko wa koti.

"Mtu anayemtaja binti wa watu mbele ya nchi nzima, nyumbani kwao walimfundisha nini?" ulisema. "Siku atakapokanyaga hapa, mimi nahamia Lupingu ziwani kwa shemeji, nikavue samaki."

Tulijibana tusicheke. Wewe unayeogopa maji, ambaye hata ukivuka daraja la mto Ruhuji ulikuwa unashika ukingo! Miezi mitatu ulitembea na zile betri mfukoni. Mpaka kanisani ulikwenda nazo. Ukipita na kapu la sadaka zinagongana, ko, ko, ko, na kwaya nzima inaniangalia mimi. Hazikurudi kwenye redio mpaka mpira wa timu yako ulipokaribia.

Sasa naungama. Katika ile miezi mitatu nilijaza kadi nyingine. Sikukuonyesha. Niliandika kwa mtu mmoja tu: "Mtoto wa Njia Panda, Makambako. Sweta nimevaa." Nikaituma. Lakini nyumbani redio haikuwa na betri, hivyo sikujua kama ilisomwa. Majirani sikuthubutu kuwauliza. Miaka ikapita, nikaolewa na baba Neema, nikahamia huku, Mungu akamchukua, nikabaki na viazi na mwanangu. Ile kadi niliisahau, au nilijiambia nimeisahau.

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, yule fundi akaanzisha mchezo. Kila mmoja ataje jina lake la salamu. Yeye alikuwa Mzee wa Mkanda. Muuza vitunguu alikuwa Malkia wa Magomeni, wala Magomeni hakuwahi kufika. Zamu yangu ilipofika nikajibu kwa madaha yote, "Binti wa Baridi, Ramadhani, Njombe."

Nyuma ya lori lililoleta viazi alikuwa amesimama mwenye lori mwenyewe, mara ya kwanza anakuja na mzigo wangu. Alikuwa anasaidia kushusha. Akaweka gunia chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akanisogelea.

"Avae sweta," akasema.

Baba, nilikaa juu ya viazi.

"Wewe ni Mtoto wa Njia Panda?"

"Sasa ni babu wa Njia Panda. Na wewe sweta ulivaa. Nilikusikia mwenyewe, niko kibanda cha vinyozi Makambako. Nilipiga kelele mpaka kinyozi akanikata sikio." Akanionyesha alama. Ipo.

Kumbe kadi ilisomwa. Inaonekana mtaa mzima wa Ramadhani ulisikia isipokuwa sisi, kwa sababu ulizitoa betri ukidhani unaniziba masikio, kumbe ulijiziba na yako. Nilicheka mpaka muuza vitunguu akaniletea maji.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukuja?"

"Nilikuja," akasema. "Niliulizia sokoni Njombe, kila mtu anakujua, baba yako alikuwa amewatangazia wote. Nikaonyeshwa nyumba. Akatoka mzee na koti refu. Nikamwamkia, nikajitaja. Akanikaribisha kiti, akanipa chai na viazi vya kuchemsha, akanieleza kwa upole kabisa kwamba Binti wa Baridi amehamia Lupingu kwa mjomba wake."

"Ukaenda?"

"Nikaenda. Lori mpaka Ludewa, kisha nikateremka ule mlima kwa miguu. Mjomba wako akanipokea vizuri, nikala samaki siku mbili. Akaniambia, kijana, huku kwetu ni joto, Binti wa Baridi atakaaje? Nikapanda mlima kurudi."

Nilitaka kusema si wewe baba, ni mzee mwingine wa jirani. Lakini aliongeza, "Kitu kimoja sijakisahau. Yule mzee alipoinama kunimiminia chai, mfukoni mwake kulikuwa na vitu vizito vinagongana. Ko, ko, ko."

Baba. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya siku hiyo, hatua mia mbili kutoka nyumbani.

Sitakudanganya, nilikasirika. Siku nzima niliuza viazi bila kutabasamu. Niliona umenichukulia kitu ambacho hukuwa na haki nacho. Jioni Neema akanipigia simu, akawa ananichekesha na vituko vya chuoni, na nikiwa namsikiliza hasira ikaisha yenyewe. Kama ungemwambia yule kijana ukweli, huyu mtoto nisingekuwa naye, na baba yake, mtu mwema yule, nisingemjua. Kwa hiyo nimekusamehe, na sikumbuki kama nimewahi kukupenda kama ninavyokupenda sasa. Hata ulipokuwa unamdanganya mtu ulimpa chai na viazi! Mama, kama na wewe ulijua ukanyamaza, tutaongea tukionana.

Fidelis ni mgane, watoto wake wameshajitegemea. Mvi zimeingia, tumbo limemtangulia, anasali, hanywi, na anacheka kwa sauti kubwa. Tangu siku ile kila safari ya viazi anakuja mwenyewe. Amenitamkia kwamba anataka kunioa, na mimi nataka, baba. Naandika hili bila aibu kwa sababu nimeshakuwa mtu mzima na siku zangu napenda kuzicheka nikiwa na mtu. Lakini nimemwambia siendi popote mpaka wewe ukubali. Neema ameridhia. Bado wewe. Usiku silali vizuri nikifikiria jibu lako, kama binti wa miaka kumi na nane.

Anataka kuja Ramadhani mwezi wa sita na wazee wake, abishe hodi kwenye mlango uleule. Wewe ulisema siku akikanyaga hapo utahamia Lupingu. Mjomba nimempigia, anasema mtumbwi wako upo tayari.

Pamoja na barua hii nimekutumia kifurushi kidogo. Ukifungua utakuta betri nne kubwa. Nimezitafuta Mwanza nzima, maana siku hizi watu wanachaji kila kitu. Ile redio najua bado ipo kwenye kabati chini ya kitambaa cha mama, na Yohana nimemwomba aifute vumbi tu, sababu haijui. Ukikataa, zitie kwenye mfuko wa koti, nami nitaelewa, na nitakuheshimu. Ukikubali, zitie kwenye redio, na Jumamosi saa nane mchana uiwashe. Yohana atanipigia simu, na safari hii aweke spika. Stesheni isipopatikana usihangaike. Hata ikikoroma tu, nitajua ni wewe umeiwasha.

Nafasi imekwisha, nifunge kama tulivyokuwa tunafunga Jumamosi zile.

Mimi ni Faraja, Binti wa Baridi, niko Mwanza kwenye joto. Namsalimu mama yangu mzazi, mchezaji wa mwiko. Namsalimu mdogo wangu Yohana, mkuu wa spika. Namsalimu mjomba wa Lupingu, aliyejua na akanyamaza akila samaki wake. Nawasalimu wanakwaya wote waliosikia betri kanisani. Dada yako, shangazi wa Makambako, naye nisimsahau, aanze kusafisha sufuria kubwa. Na wa mwisho ni wewe baba yangu, mwenye koti refu.

Ujumbe wangu: mwezi wa sita nitatangulia kufika, nitakuwa jikoni na mama. Akibisha hodi mtu akaniulizia, safari hii mwambie nipo.

Mwanao,
Faraja