Ndege ya Mjomba Roland Kwenye Harusi ya Watu

Quince Cottage,
Aldersby,
Lincolnshire.
9 Oktoba 2013.

Mpendwa mdogo wangu Desmond,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu. U hali gani? Goti linaendeleaje? Natumaini mkeo Ngaire amekukataza kupanda ngazi, maana nakujua, ukiambiwa upumzike ndipo unapokumbuka kwamba paa linavuja. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anagombana vizuri, na macho yake bado yanaona hata yasiyomhusu. Tatizo ni moyo tu. Daktari aliniita pembeni akasema tusipange mambo ya mbali. Mama nilimwambia daktari kasema apunguze chumvi.

Matufaha yamezaa mpaka tawi moja limekatika. Nimepika jemu hadi chupa zimeniishia. Paka ni mzima.

Haya, salamu zimetosha. Sasa tafuta kiti ukae, kwa sababu nina hasira ambazo nimetembea nazo tangu katikati ya Septemba, na hapa kijijini kila mtu ameshachoka kunisikiliza. Zamu yako.

Unakumbuka Jumamosi ya Septemba, ile Spitfire, ndege ya vita ya zamani ya uwanja wa ndege wa nyasi, inapozunguka vijijini kupita juu ya makaburi ya marubani wa vita. Na unakumbuka kwa nini Mama haikosi. Lakini wajukuu zako hawajui, kwa hiyo wasomee hapa kwa sauti.

Watoto, Mjomba Roland alikuwa kaka yake Mama, na alirusha ndege za vita kutoka uwanja huo huo. Kila Jumatatu, siku ya kufua, akirudi kutoka kazini alipita juu ya nyumba hii chini kabisa, makusudi, ili upepo wa ndege uangushe mashuka ya Mama kwenye matope. Mama naye alitoka mbio na kitambaa cha kufutia vyombo, akakitikisa hewani na kumtukana mpaka ndege ipotee. Ndivyo walivyopendana hao wawili. Jumatatu ya mwisho Mama alikuwa mjini kwa daktari wa meno. Roland akapita, mashuka yakaanguka, hakuna aliyetoka. Alhamisi yake akafa vitani, akazikwa hapa kanisani. Miaka sabini Mama anasema jambo moja: “Alidhani nimemkasirikia kweli.” Ndiyo maana wengine makaburini hupunga leso, na yeye huenda na kitambaa cha vyombo.

Basi, wewe unajua rubani anavyotafuta kaburi. Akiwa chini vile hana nafasi ya kusoma kibao. Vilima vinampita, miti inampita, anatafuta mnara wa kanisa wenye bendera. Kila kijiji kinachosubiri ndege hupandisha bendera mnarani. Hata mbwa wa Aldersby wanalijua hilo.

Asiyelijua ni Bi Prunella Ashcombe. Amehamia kutoka London juzijuzi, ana viatu vya shambani visivyo na hata tone la tope, na mwaka huu wamemchagua kuwa mzee wa kanisa, kwa sababu wengine wote tuliinamisha vichwa alipouliza nani anataka. Siku mbili kabla, Bi Prunella akatazama mnara akaona bendera imepauka. Akaishusha. Akaipeleka mjini ikashonwe upya. Hakumwambia mtu! Yaani mtu mzima, mwenye akili zake, anavua bendera wiki hiyo hiyo, kwa sababu imepauka!

Jumamosi tukaenda makaburini. Mama kwenye kiti cha kukunja, koti la sufu, chupa ya chai, kitambaa mapajani. Mimi nilikuwa na darubini yangu, na acha kucheka, najua unacheka. Unaniita mwendawazimu wa ndege tangu nilipokuwa na soksi za shule, na sijakanusha. Nikausikia mngurumo kabla ya wote. Desmond, ule mngurumo! Huingia kifuani kabla ya masikioni. Nikamwambia Mama, inakuja. Akasimama. Akakunjua kitambaa.

Ndege ikatokea juu ya msitu, nikaziona mbawa zake zile za umbo la yai, halafu ikalala upande ikatuacha. Ikaenda zake Hagwell, kijiji cha jirani.

Hagwell! Mnara wa mraba kama wetu, mto upande wa kushoto kama kwetu, na siku hiyo bendera mpya ikipepea, kwa kuwa walikuwa na harusi. Rubani akaona mnara, mto na bendera, akashuka. Akapita juu ya bibi harusi aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni, shela likaruka, wageni wakapiga makofi, baba yake akapongezwa kwa kugharimia jambo zuri namna ile. Na mzee yule, kwa ulafi wa sifa, akakubali pongezi! Picha ikatoka gazetini. Bibi harusi ametazama juu anacheka, na chini wameandika “Mapenzi yaliyopaa”. Mapenzi gani? Yule ni mjomba wangu!

Mama alibaki amesimama na kitambaa chake. Hakusema kitu hadi nyumbani. Nikimwona Mama amenyamaza mimi naogopa, kwani hata alipopasuliwa nyonga alikuwa anamfokea muuguzi. Usiku aliacha chakula.

Bi Prunella nilimkuta Jumapili kwenye meza ya chai. Unajua alichoniambia? “Hilary mpenzi, si kitu, mwakani ipo tena.” Na kipande cha keki mkononi. Nikamjibu kwamba mwakani ndege hiyo haipo, injini inatolewa, inafunguliwa yote, haitaruka kwa misimu miwili, na Mama ana miaka themanini na tisa. Akasema, “Lo, sikujua mnaichukulia kwa uzito hivyo.” Nilitoka nje kabla sijammwagia chai.

Kesho yake nikaenda uwanjani. Rubani ni Alec Thirkell, yule mwenye masharubu, ambaye hadithi ya Roland na mashuka anaijua kwa moyo. Aliniona kwa mbali akaanza kuwa mwekundu.

“Hilary, ngoja nieleze.”

“Ueleze nini? Umemwonyesha mjomba wangu kwa watu wa Hagwell!”

“Nimeona bendera.”

“Ungeona bendera sokoni je, ungeshuka?”

Mafundi wakainamia injini kama wanasali. Alec akanivutia kigoda, akanipa chai kwenye kikombe chenye mafuta ya mashine, akasema amekosa, hana la kujitetea. Maonyesho yalikwisha. Safari iliyobaki ni moja tu, ya kuipeleka ndege karakana huko kusini. Nikamwambia basi, safari njema, nikainuka. Nilikuwa karibu kulia na sikutaka mafundi waone.

“Naondoka Jumatatu, mwisho wa mwezi,” akasema. “Kile kiwanja nyuma ya bustani yenu, mbele ya ua wa miti, cha nani?”

“Chetu. Kina alama za kwato za kondoo tu, kondoo tumeuza.”

“Mama yako bado anafua Jumatatu?”

Desmond, mimi na mashine ya kukaushia nguo tumekaa miaka, hatuna hata haja ya kamba. Nilisema ndiyo.

Mama nilimwambia asubuhi ya siku yenyewe, nikihofia moyo. Nilidhani atalia. Alinitazama juu ya miwani akasema, “Wewe mtoto, saa hizi ndiyo unaniambia? Lete mashuka mazuri. Yale meupe ya kitani. Yatoe majimaji.” Nikamwambia yale ni ya harusi yake. “Nimekuuliza ni ya nani?” Nikayaanika. Akasimama pale karibu na mlango wa jikoni alipokuwa akisimama usichanani mwake, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye kitambaa.

Ikaja. Safari hii haikulala upande. Ilitokea nyuma ya ua, ikajaza kiwanja kizima, nikamwona Alec amegeuza uso kututazama. Ilipita juu kiasi gani sikutajii, barua hupotea njiani. Madirisha yalitetemeka, na upepo ukafuata nyuma yake, gongo la kuinulia kamba ya nguo likaanguka, na mashuka yote mawili ya kitani yakaenda chini kwenye tope la kitalu cha viazi.

Na Mama! Kaitupa fimbo! Akatoka hadi katikati ya bustani, kitambaa juu: “Roland! Baradhuli wee! Mjinga usiye na haya! Nimefua tangu alfajiri! Shuka hapa nikunyooshe, we firauni!” Akaendelea mpaka ndege ikawa nukta, mpaka haikusikika, na bado alikuwa na matusi ya akiba. Mengine sikujua kama anayajua. Kisha akakaa kwenye benchi akalia, nami nikalia, tukanywa chai.

Sasa, hasira ya mwisho. Bi Prunella ameshtaki! Ameandika kwamba ndege ilihatarisha wakazi. Yeye aliyeshusha bendera! Jana akaja bwana mmoja wa mambo ya anga, kijana mpole mwenye tai, kutuhoji kama mashahidi. Mimi nilikuwa tayari kumrukia. Alec angeweza kunyang'anywa kibali cha kurusha ndege. Mama akaniambia ninyamaze, akamkaribisha keki ya tangawizi.

“Mama,” kijana akamwuliza, “kwa makadirio yako, ndege ilipita chini sana?”

Mama akafikiri. Sijawahi kumwona ana huzuni na heshima kiasi kile.

“Chini?” akasema. “Mwanangu, ilikuwa juu mno. Kaka yangu angeona aibu.”

Kijana akaandika hayo hayo, akafunga mkoba, akaomba kipande kingine cha keki.

Nisalimie Ngaire, mwambie ule mtindo wa kufuma nimeuweza. Wasalimie mwanao Fraser na wajukuu. Mama anakuambia uvae soksi nene na uandike mara nyingi zaidi, na Mungu akulinde wewe na goti lako. Yeye mwenyewe amelala mchana huu, usingizi mzito ambao sijauona tangu Septemba. Mashuka bado yapo kwenye tope. Nilitaka kuyaokota jana, akanigombeza kutoka dirishani niyaache, Roland aone alichofanya.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata uchelewe kujibu,

Hilary